Kebo ya antena iliyofukiwa: kutafuta maji yalipoingilia kabla ya kushika sururu

Kebo inayotoka kwenye antena, ikapita chini ya ua na kuingia nyumbani, ikianza kusumbua, watu wengi hapa Goma hukimbilia sururu. Wanavunja mita kadhaa za mawe ya volkano, wanachubuka mikono, na mwisho wanakuta kebo ya chini ni nzima. Kumbe maji yaliingilia juu kabisa, kwenye konekta iliyofungwa ovyo pale mlingotini. Naandika mwongozo huu ili kazi ianzie mahali pake: dalili, kisha vipimo, na sururu ishikwe mwishoni.

Kebo ya antena ina waya wa kati, kihami cheupe cha plastiki kinachouzunguka, karatasi ya alumini na wavu wa nyuzi nyembamba, halafu ganda la nje. Maji yakipata upenyo, wavu huo huyavuta kama utambi wa taa ya mafuta. Maji ya konekta ya juu yanaweza kusafiri mita nyingi ndani ya kebo bila tone moja kuonekana nje. Kwa hiyo mahali palipoharibika na mahali maji yalipoingilia mara nyingi si pamoja, na mtu asiyelijua hilo atafukua pasipo na kosa.

Ardhi yetu nayo ina tabia yake. Mawe ya volkano yana matundu, mvua huzama upesi, hivyo kebo ya Goma hailali ndani ya tope muda mrefu kama ile ya mlimani Bukavu, kwenye udongo mwekundu unaoshika maji. Lakini mawe hayohayo yana makali. Kebo ikilala juu yake bila mchanga, na juu ya kebo wakapita watu, pikipiki na chukudu (baiskeli za mbao za kusukuma) zilizobeba makaa, jiwe huchimba ganda kidogo kidogo mpaka litoboke. Kwa uzoefu wangu, kosa la hapa karibu kila mara ni moja kati ya mawili: ncha isiyozibwa au ganda lililotobolewa na jiwe.

"Mvua ikinyesha inakufa, jua likitoka inarudi"

Hii ndiyo lugha ya wateja, na ni dalili nzuri kama utaiuliza vizuri. Muulize mwenye nyumba: inarudi baada ya muda gani?

Dishi dogo la televisheni hupokea mawimbi ya gigahezi 10.7 hadi 12.75. Mawimbi hayo hunyonywa na mvua nzito yenyewe, angani, hata kebo ikiwa mpya. Picha ikikatika wakati wingu jeusi limesimama juu ya ziwa, kisha ikarudi dakika chache baada ya mvua kupungua, kebo haina kosa. Angalia kama dishi limeelekezwa sawasawa, maana dishi lililopinda kidogo hufanya kazi siku ya jua na hushindwa mvua ikianza tu.

Picha ikikatika ikakaa hivyo saa nzima, nusu siku, au mpaka jua likaushe mabati, hapo kuna maji ndani ya kebo au ndani ya konekta. Na kama ni antena ya redio ya FM au ya simu za upepo za VHF, usisingizie mvua ya angani hata kidogo. Kwenye masafa hayo mvua haipunguzi kitu kinachoonekana. Redio ya VHF inayodhoofika kila inaponyesha ina maji mahali fulani, na mahali hapo panapatikana.

Panda kwanza kwenye antena. Fungua konekta ya juu uitazame kwa karibu. Shaba nzima inang'aa rangi ya chungwa. Shaba iliyokunywa maji huwa kahawia, kisha nyeusi, na pale penye umeme wa kulisha kichwa cha dishi (LNB) huota unga wa kijani. Unga huo ni shaba yenyewe inayoliwa: dekoda hupeleka volti 13 au 18 kupitia kebo, na umeme huo ukikutana na maji unaitafuna shaba haraka kuliko maji peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa miji mingine hawalipati. Moshi wa volkano yetu, Nyiragongo, una gesi za salfa, na mvua ikipita ndani yake hushuka na tindikali. Wenye mabati wanajua yanavyotoboka mapema upande moshi unakoelekea. Konekta za bei ya chini, zile za aloi nyepesi zenye mng'aro wa juu juu, huliwa vilevile. Ukiona konekta imefanya madoa meupe ya unga, usiisugue na kuirudisha. Itupe.

Nusu ya chaneli zimepotea

Dalili hii huwachanganya watu kwa sababu nusu nyingine ni safi kabisa. Dekoda huchagua upande wa mawimbi kwa volti: 13 kwa upande mmoja, 18 kwa mwingine, na LNB hubadilika karibu na volti 15. Kebo ikiwa na kutu kwenye kiungo, zile 18 hushuka njiani, zikafika juu 14. LNB inadhani imeambiwa 13. Chaneli zote za volti 18 zinatoweka, zile za 13 zinabaki.

Ukipima kwa multimita juu ya paa huku kebo haijaunganishwa na kitu, utaona volti 18 kamili, na utaondoka ukisema kebo ni nzuri. Multimita haivuti mkondo wa kutosha, hivyo kutu haionekani. Weka mzigo: rezista ya ohm 100 yenye uwezo wa wati 5, kati ya waya wa kati na ganda la konekta, kisha pima volti juu yake. Itavuta karibu miliampia 180, kama LNB inavyovuta. Ikishuka kutoka 18 hadi 17, sawa. Ikishuka chini ya 15, umeshapata sababu. Angalia tu vidole, rezista hiyo hupata moto baada ya muda mfupi.

Wakati mwingine kosa si maji bali kebo yenyewe tangu siku iliponunuliwa. Kebo nyingi za televisheni sokoni zina waya wa kati wa chuma uliopakwa shaba juu. Ijaribu kwa sumaku: ikinasa, ni chuma. Mita 50 za shaba tupu huwa na takriban ohm 1 kwenye waya wa kati, za chuma kilichopakwa shaba ni karibu ohm 5. Kwa ua mdogo haidhuru. Kwa kebo ndefu iliyofukiwa, ambako ukiikosea utavunja mawe upya, nunua ya shaba tupu.

Dekoda inaandika kuna shoti

Zima dekoda, fungua kebo pande zote mbili, pima ohm kati ya waya wa kati na wavu. Karibu na sifuri: waya na wavu vimegusana. Chanzo cha kawaida ni uzi mmoja wa wavu uliobaki ndani ya konekta wakati wa kuifunga, na huo hurekebishwa kwa dakika mbili. Cha pili ni msumari, chuma cha uzio au ncha ya sururu iliyopita katikati ya kebo. Ukisikia kuwa jirani alichimba kupitisha bomba la maji wiki hiyo, au kuna nguzo mpya uani, nenda moja kwa moja pale.

Kumbuka kuondoa kila kitu kabla ya kupima. Antena nyingi za FM na VHF zimeundwa kwa namna kwamba multimita inasoma sifuri hata zikiwa nzima. Kizuia radi nacho, LNB nayo, vyote vitakudanganya. Kebo ipimwe ikiwa tupu pande zote mbili.

Namba zisizotulia

Kebo tupu, iliyo kavu, ikipimwa kwenye kipimo cha juu kabisa cha multimita, megaohm 20, haitakiwi kusoma chochote. Ikisoma kilohm mia kadhaa, na namba zikawa zinapanda na kushuka zenyewe, kuna unyevu.

Jaribu pia kugeuza waya za multimita: nyekundu penye nyeusi. Kitu kikavu hutoa jibu lilelile. Kebo yenye maji hutoa majibu mawili tofauti, kwa sababu shaba, alumini na maji yenye chumvi vimefanya betri ndogo ndani ya kebo. Hata ukiweka multimita kwenye milivolti utaiona betri hiyo ikisoma. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha bei rahisi chenye ukweli mkubwa, na hakihitaji zaidi ya multimita ya kawaida.

Redio inasema SWR ni nzuri, lakini hamsikiki

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu redio za jamii na vituo vidogo hupoteza wasikilizaji miezi mingi kwa kosa hili, na namba kwenye kipimo zinawapongeza.

SWR hupima kiasi cha mawimbi kinachorudi kutoka kwenye antena. Namba ikikaribia 1, watu hufurahi. Lakini kebo iliyolowa hula nguvu njiani: inapunguza inayokwenda, na inapunguza tena ile inayorudi. Mtambo unaona kidogo kinachorudi na kutangaza kuwa mambo ni mazuri. Kumbe hakuna kinachorudi kwa sababu kimegeuka joto ndani ya kebo. SWR iliyokuwa 1.6 ikajikuta 1.2 bila mtu kugusa antena si habari njema.

Kipimo chake ni hiki. Fungua kebo kwenye antena, acha ncha ya juu wazi. Chini, ondoa kabisa mtambo wa kurushia, kwa maana kurusha kwenye kebo isiyo na antena huua mtambo. Weka mahali pake kifaa cha kupimia antena kinachotumia nguvu ndogo, kama NanoVNA, na upime SWR kwenye masafa yako. Kwa kuwa ncha ni wazi, kila kitu kinatakiwa kurudi, na SWR iwe kubwa. Inavyokuwa ndogo ndivyo kebo inavyokula. SWR karibu 9 maana yake kebo inapoteza desibeli 1. SWR 3 ni desibeli 3, yaani nusu ya nguvu haifiki juu. SWR 1.9 ni desibeli 5, na 1.2 ni desibeli 10, yaani ni sehemu moja tu katika kumi inayofika.

Linganisha na kebo ilivyotakiwa kuwa. Kebo nene ya RG-213 kwenye megahezi 100 hupoteza desibeli 6 hadi 7 kwa mita 100, kwa hiyo mita 30 zake ni karibu desibeli 2, na ncha ikiwa wazi SWR itakuwa kidogo juu ya 4. Ukipata chini ya 2, kebo hiyo imekwisha. RG-58 ile nyembamba hupoteza zaidi ya mara mbili ya hapo hata ikiwa mpya. Sioni sababu ya mtu kuifukia kwa ajili ya FM.

Kimya cha ghafla

Jana ilikuwa nzuri, leo hakuna kitu, na multimita haioni shoti. Waya umekatika. Mwezi Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, ardhi ya Goma ilitikisika siku nyingi na nyufa zikafunguka ndani ya mji. Kebo iliyokuwa imenyooshwa vikali ndani ya mtaro, bila nafasi ya kulegea, haina namna ya kuvumilia ufa. Siku za kawaida mkataji huwa ni jembe, au panya, au gari lililosimamishwa juu ya mtaro wa kina kifupi.

Kwa kebo iliyokatika multimita yenye kipimo cha kapasita (chaji ambayo kebo inaweza kushika, nayo huongezeka kwa urefu) inatosha kukuonyesha umbali. Kebo ya ohm 75 yenye kihami cha povu, kama RG-6, ina pikofaradi 53 hivi kwa kila mita. RG-58 na RG-213 zina kama 100. Chukua kebo ya RG-6 ya mita 40: ikiwa nzima itasoma karibu nanofaradi 2.1. Ukisoma 0.8, gawa kwa 0.053, unapata mita 15 kutoka uliposimama. Nenda upande wa pili upime tena. Majibu mawili yakijumlishwa yakatoa urefu wa kebo nzima, una uhakika wa mahali. Yakizidi urefu, kuna maji ndani, maana maji huongeza kapasita, na hesabu ya upande uliolowa itakuwa ndefu kuliko ukweli.

NanoVNA ina njia ya kuonyesha umbali wa kosa kwa muda wa mwangwi, na yenyewe huona hata jeraha ambalo halijakata waya. Iambie kwanza kasi ya mawimbi ndani ya kebo, ikilinganishwa na kasi ya mwanga: 0.66 kwa kihami kigumu cha polithini, karibu 0.82 kwa povu. Ukiiwekea namba isiyo yake, itakupeleka mita kadhaa pembeni, na kwenye mawe ya hapa mita moja ni kazi ya asubuhi nzima.

Ukigusa konekta inakuchoma

Acha. Usishike tena. Chukua multimita, weka volti za umeme wa nyumbani (AC), pima kati ya ganda la konekta na bomba la chuma au waya wa ardhi. Volti chache, shauri ya kawaida ya vifaa visivyo na waya wa ardhi. Makumi ya volti au zaidi, zima umeme wa nyumba kabla ya kugusa lolote. Inawezekana kebo ya umeme na ya antena zimefukiwa mtaro mmoja, na jiwe limetoboa zote mbili. Kazi hii si ya antena tena, ni ya fundi umeme.

Nilichokiona ndani ya kebo moja ya mtaa wa Majengo

Mama mwenye nyumba alikuwa na lalamiko lile la mvua. Konekta ya juu ilikuwa safi, shaba inang'aa, hivyo ncha ikaondolewa kwenye mashaka. Multimita ilisoma kilohm zisizotulia, na vipimo vya pande mbili vikakubaliana juu ya sehemu moja karibu na geti, pale vijana wanapoegesha pikipiki. Tulipofukua, kebo ilikuwa imelala juu ya jiwe bila hata kiganja cha mchanga. Ganda halikuonekana kuwa na jeraha. Nililipinda kwa vidole, ndipo tundu likafunguka, dogo kiasi kwamba sindano ya kushonea ingepita kwa taabu. Nilikata hapo. Wavu ulikuwa mweusi tititi, unavunjika kwa kucha, na nilipoinamisha ncha iliyokatwa, tone moja la maji lenye rangi ya kijani lilitoka taratibu na kuning'inia.

Tukaendelea kukata kuelekea nyumbani, kipande baada ya kipande, tukitafuta shaba yenye kung'aa. Weusi ulikuwa mrefu. Hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata: ukikata kiasi cha mita moja kila upande na bado wavu ni mweusi, usiunge. Badilisha kebo yote. Kebo iliyolowa haikaushwi kwa jua wala kwa kupuliza upepo, na hata maji yakitoka, kutu inabaki na hasara yake haiondoki.

Kufukia upya, safari hii kwa njia inayodumu

Kabla ya yote jiulize kama kuna haja ya kufukia. Kebo inayoweza kupita chini ya ukingo wa paa na kushuka ukutani, ipite huko. Kufukia ni kwa ajili ya ua unaopitwa na magari, au mlingoti ulio mbali na nyumba.

Ukiamua kufukia, nunua kebo yenye ganda jeusi la polithini, iliyotengenezwa kwa kufukiwa. Zile bora zina utomvu mzito ndani unaojaza wavu, hivyo ganda likitobolewa maji hayapati njia ya kutembea. Utomvu huo unanata na kuchafua mikono, usafishe vizuri kwenye ncha kabla ya kufunga konekta. Ganda la PVC laini, la kebo za ndani ya nyumba, halifai.

Mtaro wa sentimita 45 hadi 60 ndio wa kutafuta penye udongo. Katika mitaa iliyojengwa juu ya lava ya Januari 2002, nyumba imekaa juu ya mwamba, na kina hicho hukipati bila kuvunja kwa nyundo siku nzima. Pale penye mwamba mimi nachonga mfereji wa sentimita 15, nalaza bomba, na kulifunika kwa zege jepesi. Ni kinga ya kweli kuliko mtaro wa kina uliojazwa mawe yaleyale makali.

Chini ya kebo au bomba weka sentimita 5 hadi 10 za mchanga uliochekechwa, na juu yake vilevile. Usichekeche kwa macho. Chukua wavu wa kuchekechea, toa kila kokoto. Kisha panga matofali au vipande vya vigae juu ya mchanga, ili jembe la baadaye ligonge tofali kwanza. Kebo ya umeme iwe mbali angalau sentimita 30. Acha kebo ilegee, na usiipinde chini ya mara kumi ya unene wake: RG-213 ina milimita 10, basi kona yake isiwe na nusu kipenyo pungufu ya sentimita 10.

Bomba halizuii maji. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu kila mtu anaamini kinyume. Joto la mchana na baridi ya usiku hufanya unyevu ndani ya bomba hata lililozibwa pande zote. Kazi ya bomba ni kuzuia mawe na kukuwezesha kuvuta kebo mpya. Kwa hiyo lipe mteremko, na sehemu ya chini kabisa toboa matundu madogo, chini yake jaza kokoto. Mawe yetu hunywa maji haraka, hapo ardhi ya Goma inakusaidia. Ncha za bomba ziinamishwe chini na kuzibwa kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zinazopitisha hewa na kumkataa panya. Ndani acha kamba ya nailoni kwa ajili ya kebo ya kesho. Na usiweke kiungo chochote ndani ya bomba wala chini ya ardhi. Kikilazimika kuwepo, kiwe ndani ya boksi ukutani.

Wanaochimba upande wa magharibi ya mji, Mugunga, Bulengo na kando ya ziwa, waangalie mazuku. Gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, haina harufu, hujikusanya mashimoni hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Imeua watu na mifugo. Usiinamie shimo alfajiri, usimtume mtoto kuingia humo, na usitegemee mshumaa: moto unaweza kuendelea kuwaka wakati gesi imeshafika kiwango cha kukudhuru. Ukiona wadudu au ndege waliokufa ndani ya shimo, ondoka.

Radi nayo haiogopi kufukiwa. Milima iliyo magharibi ya Ziwa Kivu ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na mkondo wake ukiingia ardhini hurukia kebo na kuitoboa matundu madogo madogo ambayo baadaye hunywa maji. Kwenye mwamba wa lava fimbo moja ya ardhi haitoshi, maana mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Tandaza waya wa shaba mrefu ndani ya mtaro, mbali kidogo na kebo, uunganishe na mlingoti, na kizuia radi kiwe pale kebo inapoingia nyumbani. Waya huo wa ardhi wa mlingoti na waya wa ardhi wa umeme wa nyumba lazima viunganishwe pamoja.

Zinabaki ncha. Konekta ya kubana kwa koleo lake ni bora kuliko ile ya kuzungusha kwa mkono. Ikishafungwa, ivishe utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, ukiuvuta mpaka urefuke karibu mara mbili, na kuanza chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, ili maji yanayoshuka yasikute mdomo ulio wazi. Juu yake tepu nyeusi ya umeme, kwa ajili ya jua. Silikoni inayonuka siki usiiguse, ile siki hula shaba. Chini ya konekta, na kabla kebo haijaingia ukutani, iache ishuke kidogo kisha ipande, maji yadondokee hapo.

Kabla ya kurudisha mchanga pima tena: ohm ncha zikiwa wazi, ohm ncha moja ikiwa imefungwa shoti, kapasita, na SWR ncha ya juu ikiwa wazi. Andika namba hizo na urefu wa kebo kwenye karatasi, chora njia ya mtaro ukihesabu mita kutoka kona ya nyumba, tia ndani ya plastiki na uibandike ndani ya boksi la mita ya umeme. Halafu ndipo mtaro ujazwe.